Sauti ya Nyuma Iende Wapi? Spika za Kusimama na Sebule Zetu

Swali la kwanza utakaloulizwa dukani ni "unataka wati ngapi?" Ukishalijibu, umekwisha. Utaonyeshwa spika mbili ndefu nyeusi, taa za rangi zinacheza kufuata mdundo, na stika ya fedha inajisifu wati 5000. Chini yake, kwa herufi za kutafuta kwa miwani, imeandikwa PMPO, yaani nguvu ya kilele cha mara moja. Sasa zunguka nyuma. Kwenye kibandiko cha umeme, pale palipoandikwa volti 230, mara nyingi utakuta kifaa chenyewe kinavuta wati 60 tu kutoka ukutani. Hakuna kinachoingiza 60 kikatoa 5000, labda kwa muda mfupi kuliko kufumba na kufumbua, na hata hapo kwa hesabu ambayo kila kiwanda kinajipigia kivyake. Ile namba ni pambo.

Sina ugomvi na sabufa. Mtaani kwetu ndizo zinazotangaza nani anaoa na nani amehamia. Lakini wanaoniandikia siku hizi wanauliza habari za spika za kusimama, zile zinazofika kiunoni au kifuani, zisizo na taa wala rimoti, zinazosubiri amplifaya ya pembeni. Wengi wanataka nitaje kampuni moja tu niwaache waende Kariakoo, au Luthuli Avenue kwa walio Nairobi. Kampuni nitazitaja, ila kwa mbele spika hizi zote zinafanana, zina kitambaa, koni mbili tatu na mbao za pembeni. Tofauti yenyewe imejificha ndani ya boksi, na ndiyo itakayoamua kama sebule yako itaimba au itanguruma.

Tuanze na koni. Inaposukuma hewa mbele, papo hapo inavuta hewa nyuma. Kwa sauti nyembamba hilo si tatizo kubwa. Kwa besi ni balaa, kwa sababu mawimbi yake ni marefu na hayazuiliki na kitu kidogo. Yale ya nyuma huzunguka ukingo wa koni, yanakutana na ya mbele, yanauana. Chukua wufa tupu, yaani koni ya besi, isiyo na boksi, iunganishe na amplifaya, uishike mkononi. Utasikia mwimbaji na filimbi, gitaa la besi hulioni. Ilaze juu ya tundu la ubao mpana, besi inarudi. Chester Rice na Edward Kellogg wa General Electric, Marekani, waliotuachia mwaka 1925 spika ya koni na koili (waya uliosokotwa unaoisukuma koni) tunayoitumia hadi leo, walikuwa tayari wanalijua tatizo hilo. Tangu hapo wahandisi wamekuwa wakibishana jambo moja: sauti ya nyuma iende wapi? Ukiwa na swali hilo mkononi, aina za spika za kusimama zinajipanga zenyewe.

Jibu la kwanza ni kuifungia ndani. Boksi linazibwa kila upande, linajazwa pamba au sufu, sauti ya nyuma inafia humo. Kazi ilikuwa kwamba boksi la namna hiyo lilihitaji kuwa kubwa kama kabati la nguo, vinginevyo hewa iliyonaswa ndani inaikaza koni isicheze. Mwaka 1954 Edgar Villchur, Mmarekani, akaligeuza tatizo likawa dawa. Alitengeneza wufa yenye koni iliyolegea makusudi, akaiacha hewa ya ndani ya boksi dogo iwe ndiyo springi yake. Pamoja na Henry Kloss, aliyewahi kukaa darasani kwake, akaanzisha Acoustic Research huko Cambridge, Massachusetts, na spika yao ya AR-1 ikatoa besi ya kina kutoka kwenye boksi ambalo mtu mmoja angeweza kulibeba.

Bei yake ni nguvu. Boksi lililofungwa halina msaidizi, kwa hiyo amplifaya inafanya kazi yote. Faida yake ni namna besi inavyopungua: chini ya kikomo chake inashuka taratibu, desibeli 12 (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti) kwa kila oktava, yaani kila noti inaposhuka hadi nusu ya mitikisiko yake, na ngoma ikipigwa inasimama mara moja bila mkia. Shikilia hapo, nitarudi tutakapofika kwenye kuta. Kwa bahati mbaya maduka yetu hayana spika nyingi ndefu za aina hii.

Zilizojaa madukani ni zenye tundu. Tazama mbele au nyuma ya karibu kila spika ndefu utakayoiona na utakuta bomba la plastiki. Wengi hudhani ni la kupumulia, lisije boksi likapasuka. Sivyo. Puliza juu ya mdomo wa chupa ya soda na utaisikia noti moja nzito: hewa iliyo shingoni inaruka juu ya hewa iliyo tumboni. Boksi lenye bomba ndivyo linavyofanya. Sauti ya nyuma haiuawi, inaajiriwa. Kwenye masafa fulani yaliyochaguliwa, yaani kasi fulani ya mtikisiko, hewa ya kwenye bomba inatikisika kwa nguvu na kutoa besi ikiwa upande mmoja na koni, huku koni yenyewe ikipumzika. Albert Thuras wa Bell Labs, maabara ya kampuni ya simu ya Marekani, aliomba hataza ya wazo hilo mwaka 1930 na akapewa 1932.

Kwa miaka mingi baada yake mafundi waliendelea kubahatisha, wanakata bomba, wanasikiliza, wanakata tena. Aliyeleta hesabu ni Neville Thiele wa Australia, mwaka 1961, kwa makala ambayo kwanza ilisomwa na wachache. Richard Small wa Chuo Kikuu cha Sydney akaiendeleza mwanzoni mwa miaka ya 1970, na leo kila wufa inayouzwa kwa heshima inakuja na karatasi ya vipimo vyenye majina ya hao wawili. Vipimo hivyo ndivyo vinavyokuambia boksi liwe la lita ngapi na bomba liwe na urefu gani. Nimewaona maseremala wetu hodari, watu wa mninga na mkongo, wanatengeneza boksi la kupendeza kuliko la kiwandani, kisha wanatoboa tundu kwa jicho. Boksi linapendeza, besi yake ni noti moja inayojirudia wimbo hadi wimbo.

Hata tundu lililopigiwa hesabu lina mambo yake. Chini ya masafa yaliyochaguliwa, bomba na koni zinageuka maadui na besi inaporomoka desibeli 24 kwa kila oktava. Koni huku chini haina kitu cha kuizuia, inatupwa mbele na nyuma bila faida, na hapo ndipo wufa nyingi za sherehe hufia. Bomba likiwa jembamba, ukiongeza sauti utasikia upepo unafoka. Halafu kuna jambo ambalo vitabu vya Ulaya havilitaji: bomba ni nyumba nzuri ya mende, na mjusi akishaingia humo hana haraka ya kutoka. Ziba kwa wavu laini wa nailoni kwa ndani, sauti haitadhurika.

Wapo wanaoweka koni nyingine isiyo na koili wala sumaku badala ya bomba. Inafanya kazi ileile, haifoki upepo, na mende hawana mlango.

Jibu la tatu ni kuipitisha sauti ya nyuma kwenye njia ndefu iliyokunjwa ndani ya boksi, hadi itoke upande mwingine ikiwa imechelewa kiasi kinachotakiwa. Arthur Bailey, Mwingereza, aliielezea njia hii kwenye jarida la Wireless World mwaka 1965, akaijaza sufu ya nyuzi ndefu. Ili njia isaidie kwenye hezi 40, yaani mitikisiko 40 kwa sekunde, inabidi iwe na robo ya urefu wa wimbi, yaani kama mita 2 na sentimita 15, na ndiyo maana mtindo huu unalipenda boksi refu. Kampuni ya PMC ya Uingereza imejijenga juu yake. Ni kazi ya mbao nyingi za ndani, kwa hiyo bei yake inapanda haraka, na fundi wa mtaani akikuambia anaweza kukuigizia kwa wikiendi moja, mshukuru uondoke.

Halafu kuna pembe. Hapa mkazo unahama kutoka nyuma kwenda mbele: koni au kiwambo kidogo kinasukuma hewa kwenye koo jembamba linalopanuka polepole hadi mdomo mpana, na hewa ya chumba inashikwa barabara. Paul Klipsch alianzisha kampuni yake mwaka 1946 katika mji mdogo wa Hope, Arkansas, na spika yake ya Klipschorn bado inatengenezwa. Pembe ya besi ingetakiwa kuwa na mdomo mkubwa mno kwa nyumba, ila Klipsch aliikunja ndani ya kabati na kulisukuma kabati kwenye kona, ili kuta mbili za chumba ziwe ndizo mwisho wa pembe. Spika inaiazima nyumba.

Matokeo yake ni ufanisi wa kustaajabisha. Wati 1, kwa umbali wa mita 1, Klipschorn hutajwa kutoa desibeli zipatazo 105. Spika ndefu ya kawaida ya sebuleni hutoa kama 87. Tofauti ya 18 inaonekana ndogo hadi uipigie hesabu: hiyo ya kawaida itahitaji wati zaidi ya 60 kufikia kile ambacho mwenzake anakifanya kwa wati 1. Kwa anayeendesha muziki kwa sola na betri moja, namba hiyo ina maana kuliko stika yoyote ya wati, na mimi ningependa wauzaji walazimishwe kuiandika kwa herufi kubwa. Spika ndefu za kisasa zenye twita (kispika cha sauti nyembamba) ya pembe na wufa za kawaida zinapata sehemu ya faida hii bila kudai kona. Sauti yake iko mbele, inakuja kwako. Tarumbeta za rumba zinakaa vizuri humo. Wengine huchoka baada ya saa moja.

Jibu la mwisho ni la ujeuri: usiifungie wala kuiajiri, iache itoke. Hakuna boksi. Kuna kiwambo chembamba sana kilichotandazwa kwenye fremu ndefu, kinapiga sauti mbele na nyuma sawasawa. Peter Walker wa kampuni ya Quad, huko Huntingdon, Uingereza, alitoa mwaka 1957 spika ambayo kiwambo chake kinavutwa na kusukumwa na umeme tuli wa volti maelfu. Wanaosikiliza sauti za watu na ala za nyuzi bado wanaisaka. Jim Winey wa Minnesota alikuja na jibu lake mwaka 1969 kupitia kampuni ya Magnepan, akitumia nyaya bapa zilizobandikwa kwenye kiwambo mbele ya safu za sumaku, hivyo haihitaji kuchomekwa ukutani. Nilisikiliza qanun na fidla za taarabu kwenye mbao hizo nikaelewa kwa nini watu wanauza gari kwa ajili yake. Besi yake ni nyepesi, zinahitaji amplifaya yenye misuli, na zinataka zaidi ya mita moja ya nafasi nyuma yake. Zile za umeme tuli, zaidi ya hapo, hazipatani na vumbi na unyevu wa chumvi. Mkazi wa Tanga au Mombasa afikirie mara mbili.

Kuhusu idadi ya koni, sina mengi. Spika ya njia mbili inagawa kazi kati ya wufa na twita. Ya njia tatu inaongeza koni ya katikati kwa ajili ya sauti ya mwimbaji. Ya njia tatu iliyotengenezwa vizuri ni tamu, ila krosova yake, kile kifaa cha ndani kinachogawa sauti kwa koni, inataka vipuri vingi na vyema, na kwa pesa ileile mara nyingi utapata ya njia mbili iliyo bora kuliko ya njia tatu iliyolipuliwa. Koni nyingi kwenye mnara mmoja zinataka pia ukae mbali, mita mbili na nusu au zaidi, ili zisikike kama kitu kimoja. Kampuni za Uingereza, Tannoy mwaka 1947 na KEF mwaka 1988, zililikwepa hilo kwa kuiweka twita katikati ya koni kubwa. Kwa sebule fupi ni suluhisho zuri sana.

Sasa kuta. Sehemu kubwa ya spika hizi zilibuniwa na kusikilizwa kwanza mbali na hapa, na Marekani nyumba nyingi ni fremu za mbao zilizobandikwa jipsamu. Kuta hizo zinatikisika kidogo na kuimeza sehemu ya besi. Ukuta wetu ni tofali la saruji lililopigwa plasta. Chini kuna vigae, dirisha ni kioo na aluminiamu, na ukikaa ghorofani juu yako kuna zege. Besi ikitoka kwenye spika haina pa kwenda, inagonga na kurudi. (Mwenye dari ya jipsamu au siling'ibodi chini ya bati ana nafuu asiyoijua.)

Pima urefu wa sebule yako. Sauti husafiri karibu mita 345 kwa sekunde kwenye joto letu. Chumba cha mita 4 kati ya ukuta na ukuta kina noti yake ya asili kwenye hezi 43. Cha mita 3 na nusu, kwenye hezi 49. Waya mnene kabisa wa gitaa la besi unaanzia hezi 41, na ile ya 49 ni noti ya G ya huko chini. Kwa hiyo chumba cha kawaida cha Mtanzania kimetegeshwa palepale mpiga besi anapofanyia kazi. Kila akiigusa noti hiyo, nyumba inamdakia. Inasikika zaidi kwenye kuta na inapungua katikati ya chumba, na kochi letu limeegemea wapi? Ukutani. Spika zetu ziko wapi? Kwenye kona, huku na huku ya kabati la TV, mahali ambapo kuta zinaongeza besi zaidi.

Ndiyo maana narudi kwenye boksi lililofungwa. Besi yake inayoshuka taratibu inakutana na chumba kinachoipandisha, na mwisho wa safari vinalingana. Boksi la tundu lililopangwa libaki na nguvu hadi hezi 40 linaongeza besi juu ya besi. Kama unayo tayari ya tundu, na ndizo tulizonazo wengi, chukua soksi safi, ikunje, ziba bomba, sikiliza wimbo uleule. Baadhi ya viwanda hutoa vizibo vya sponji ndani ya katoni kwa kazi hiyohiyo, na watu huvitupa pamoja na karatasi za kufungashia. Kisha vuta kochi mbele nusu mita, toa spika kwenye kona, fungua mlango wa korido na dirisha. Uwazi mkubwa unaipunguza besi iliyonaswa. Mapazia mazito na zulia weka pia, lakini kwa ajili ya mwangwi wa juu. Besi inapita kwenye kitambaa bila kukiona. Jirani naye ataisikia zaidi dirisha likiwa wazi, hilo mtamalizana wenyewe.

Wengi wetu tutanunua za mtumba, na huko kuna vya kukagua kabla ya kuuliza bei. Tazama duara linaloishikilia koni kwenye fremu. Likiwa la sponji, baada ya miaka kumi hadi ishirini linamung'unyika, na pwani huenda mapema zaidi. Liguse kwa kidole, likiacha unga, hesabu gharama ya kulibadilisha. La mpira linadumu. Sukuma koni taratibu kwa vidole vya mikono miwili ukiigawa nguvu sawa. Irudi kimya. Ukisikia mkwaruzo, koili imepinda au imeungua. Beba betri ya kawaida ya volti 1.5 na vipande viwili vya waya, gusisha kwenye vituo vya nyuma kwa sekunde moja, chanya kwa chekundu: wufa inapaswa kuruka mbele. Ya kushoto ikiruka mbele na ya kulia ikirudi nyuma, kuna fundi aliyebadilisha nyaya humo ndani. Twita iliyobonyezwa na mtoto ni kawaida na huwa sababu nzuri ya kushusha bei. Inama pia utazame chini ya boksi. Mbao zake ni unga wa mbao uliogandishwa, na nyumba inayopigwa deki kila asubuhi huzinywesha maji hadi pembe zinavimba kama maandazi yaliyolala. Ukishazifikisha kwako, ziinue kwa miguu ya mpira.

Kwa anayenisisitiza nimpe jibu moja kwa sebule ya futi 12 kwa 13 yenye kuta za tofali: njia mbili, wufa ya inchi 6 na nusu, bomba liwe mbele ili uweze kuisogeza spika karibu na ukuta na kuliziba bomba unapotaka, omu 8 (kipimo cha ukinzani wa umeme) ili amplifaya isichemke, na desibeli 88 au zaidi kwa wati 1. Ukikuta iliyofungwa kabisa kwa bei hiyohiyo, ichukue hiyo. Amplifaya ya wati 50 za kweli kila upande inatosha, na pesa itakayobaki nunua zulia.